Kitanda Nilichokatazwa Kutandika

Mkitaka kujua kama mtu amewahi kufanya kazi ya vyumba, msimuulize. Mpelekeni hotelini kama mgeni, mlazeni, halafu mkamchungulie asubuhi. Mtu wa kawaida ataacha shuka limejikunjakunja na kwenda zake kunywa chai. Mwenzetu mtamkuta ameinama, mkono mmoja chini ya godoro, anakunja kona, na viatu bado hajavaa. Ndivyo nilivyokuwa mimi huko Misri, kwenye ufukwe wa Bahari ya Shamu, mstaafu mwenye heshima zangu, na kona zangu hizo nusura zimfukuzishe kazi mtu asiye na hatia.

Nawaandikia ninyi wasichana na wavulana wa loji mnaonipigia simu kila wiki, "Mama Neema, hebu tuambie tena ile ya Misri." Nimechoka kuisimulia kwa vipande, na mtandao wa huku kwetu Rhotia una tabia ya kukatika kila ninapofika penye utamu. Basi someni. Mtajua mambo ya kutarajia mkienda likizo ya ufukweni, maana na ninyi ipo siku mtakwenda, na mtaokota mawili matatu ya kazi, kwa sababu mimi siwezi kuzungumza bila kufundisha. Mume wangu anasema hata usingizini nakagua vyumba.

Kwa wale walioajiriwa juzi na hawanijui: mimi ni Mchaga wa Marangu. Nilikuja Karatu msichana, nikapata kazi kwenye loji ya ukingoni mwa kreta, nikapata na mume Mwiraqw, na vyote viwili nikavishikilia mpaka nikazeeka. Nilianza kwa kubeba ndoo za maji ya moto, nikamaliza nikiwa msimamizi wa vyumba. Nilipostaafu, watoto wangu walichangishana wakaninunulia likizo. Neema, aliye kwenye kampuni ya utalii Arusha, ndiye aliyechagua mahali. Aliniambia, "Mama, umeitandikia dunia nzima. Sasa nenda ukalale."

Nafasi zilikuwa mbili. Baba Neema alikataa palepale. "Mimi na bahari wapi na wapi? Na ng'ombe atakamua nani?" Dada yake, wifi yangu Paulina, mkulima wa Endamarariek, alikuwa amekaa pembeni anapepeta ngwara, yale maharage yetu ya kienyeji, na akakubali kabla hajaulizwa. Alisema hajawahi kupanda ndege, lakini pia hajawahi kukataa. Kanisani habari ikaenea kwamba tunakwenda kwenye bahari ileile iliyogawanyika wana wa Israeli wakapita, na kwaya ya akina mama ikatuombea kana kwamba tunakwenda kuvuka kwa miguu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ofisa wa ukaguzi alimkuta Wifi na mfuko wa ngwara kwenye begi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikamkumbusha kwamba tunakwenda hotelini, si ukweni. "Kwani hotelini hawali?" akajibu, na yule ofisa akacheka akafunga zipu.

Tulifika mchana. Tarajieni joto. Sisemi joto la Mto wa Mbu ambalo mnalilalamikia mkishuka mlima. Hili lilitupokea mlangoni mwa ndege na halikutuacha. Pale mapokezi akasimama binti mwenye sinia la juisi na vitaulo vya baridi. Sasa jamani, miaka yote ile nimesimama na sinia kama lile mlangoni mwa loji, ukungu umetanda, watalii wanashuka garini wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mikono yangu ilijua kazi kabla kichwa hakijafikiri. Nikalipokea sinia zima, nikageuka, nikaanza kuwagawia Wajerumani waliokuwa nyuma yetu. "Karibuni sana, poleni na safari." Mmoja akachukua juisi, akanishukuru, akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshakiona kibao wakati tunaingia.

Wifi alikunywa juisi mbili akasubiri nimalize zamu.

Mtavishwa bangili ya plastiki mkononi, haifunguki mpaka siku ya kuondoka. Hiyo ndiyo inayowaruhusu kula na kunywa bila kuulizwa. Wifi aliigeuza geuza akasema, "Tumevishwa hereni kama ng'ombe wa mnada." Lakini alipoona chumba cha kulia, akaiheshimu. Kilikuwa kikubwa kama kanisa letu, na chakula kimepangwa ukuta hadi ukuta. Nawashauri mzunguke kwanza bila sahani. Wifi hakuzunguka. Alipakua kwenye meza ya kwanza mpaka sahani ikajaa, akaketi, akaona meza ya nyama iko nyuma yake, na aliumia mpaka jioni. Asubuhi yake alikutana na maharage yao makubwa, wanayapika yakalegea, wanatia mafuta na ndimu, wanayala na mkate kama kifungua kinywa. Hapo moyo wake ukatulia. Alisema watu wanaokula maharage asubuhi hawawezi kuwa wabaya.

Ufukweni kuna vita ya vitanda vya jua. Wageni wanaamka alfajiri wanaweka taulo kwenye kitanda, halafu wanarudi kulala. Kwetu shamba linawekewa mpaka kwa minyaa, kule wanaweka kwa taulo, na ugomvi ni uleule. Sisi tulitandika khanga ya Wifi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Tarajieni pia kijana mwenye spika anayewalazimisha watu wazima kurukaruka bwawani, tarajieni ngamia anayepita na mwenyewe, na tarajieni wazee wa umri wa babu yenu waliovaa vichupi vidogo kuliko leso. Wa kwanza alipotupita, Wifi alinishika mkono. "Wifi, angalia chini. Huyo ni baba wa watu."

Na bahari yenyewe, jamani, ina chumvi. Mnajua kwa kusoma, lakini hamjui. Wifi alichovya kidole, akalamba, akatema. "Wametia magadi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuvuna magadi Eyasi na kujua bei yake. Kisha akaenda mapokezi kuuliza ni wapi hasa ilipogawanyika. Yule kijana wa mapokezi alimsikiliza kwa adabu yote, akamwambia boti zinaondoka saa tatu.

Sasa tuje kwenye kitanda.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Anselmi, mzee mfupi wa Mbulu, mkuu wa vyumba enzi hizo tunachemsha maji kwa kuni. Ninyi mna sola, mna kadi za milango, mnapeana zamu kwenye simu. Sisi tulikuwa na Bwana Anselmi na filimbi yake. Alikuwa anasema, "Chumba kizuri ni kile mgeni anachodhani kimejitandika chenyewe." Na alitufundisha kusoma kitanda. Kitanda cha asubuhi kinaongea, alisema. Upande mmoja umelaliwa na mwingine haujaguswa, hao wamegombana, wapelekee chai mapema. Mto uko miguuni, huyo ana homa au ana mawazo. Kabla hujavuruga chochote, simama ukisome.

Na alitufundisha kona ya ukingoni. Kule juu mnajua baridi yake, asubuhi ya Julai nyasi zinavunjika chini ya viatu. Kwa hiyo blanketi tunalichomeka pande zote, kwa nguvu, mgeni anaingia ndani yake kama barua kwenye bahasha na joto halina pa kutokea. Halafu jioni, wakati wageni wanakula, tunapita na chupa za mpira zenye maji ya moto, tunaweka moja miguuni mwa kila mtu.

Mimi mwezi wangu wa kwanza niliweka chupa vizuri sana, nikasahau kuweka kile kikaratasi cha kuwaambia wageni. Mzungu mmoja mnene, aliyeshinda siku nzima kreta akisimuliwa habari za chui, akajitupa kitandani akakanyaga kitu laini chenye joto. Alitoka nje na soksi moja anapiga kelele kwamba kuna mnyama hai kitandani mwake. Askari, morani mrefu kutoka Nainokanoka, aliingia na rungu lake akakipiga kile kitu bila kuuliza. Maji yakafika darini. Bwana Anselmi alikuja, akatazama, akaokota mpira uliopasuka, akamwambia yule morani kwa upole kabisa, "Asante baba, amekufa." Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake mzee alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikapata kazi ya maisha.

Kwa hiyo nawaambieni, kona ile siitandiki kwa kichwa. Inajitandika. Asubuhi ya kwanza Misri nilitandika changu na cha Wifi, nikakunja taulo nikazirudisha kwenye rafu, nikafuta sinki, nikapanga viatu. Wifi alikuwa kibarazani anatazama bahari. Akaniambia, "Hapa umeletwa kulala." Nikamjibu nimeshalala.

Mhudumu wetu aliitwa Mahmudi, baba wa makamo mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Alifika na toroli lake, akaona vitanda, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Kiingereza changu cha hotelini na chake cha hotelini vilielewana mara moja, na palipopungua tulikuta maneno yetu mengi ni ndugu. Sabuni ni sabuni, sukari ni sukari, dakika ni dakika. Aliniita Haja, kama wanavyomwita kule mama mtu mzima. Nikamwambia mimi ni Mlutheri. "Sawa, Haja," akasema.

Alifumua vitanda akatandika kwa mtindo wao, shuka limelegea, limekunjwa kifuani, hewa inapita. Alipoondoka nikatazama zile shuka zinavyoning'inia. Niliumia. Nikafumua, nikachomeka upya. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu aliacha kufumua, akawa anaingia, anasalimia, anabadilisha maua, tunapiga soga kidogo, anatoka. Nilimweleza kazi yangu. Nilimweleza kwamba kwetu ni baridi, akakataa. Afrika hiyo ya weusi, baridi itoke wapi? Nikamwonyesha kwa mikono ukungu, makoti, meno yanayogongana, na mwisho ile chupa ya maji ya moto, inavyowekwa chini ya blanketi, miguuni. Mahmudi alicheka akaliegemea toroli. "Chupa, Haja? Kitandani?" Akaenda akamsimulia mwenzake wa ghorofa ya juu, nikawasikia wanacheka wote wawili.

Upande mwingine, Wifi naye alikuwa na kazi yake. Kila siku Mahmudi aliweka vile visabuni vidogo vyenye karatasi ya dhahabu, na kila siku Wifi alivihamishia kwenye begi lake. Kwaya ya akina mama ilikuwa inasubiri, na huwezi kurudi kutoka Bahari ya Shamu na maneno matupu. Tulikuwa tunaoga kwa kipande chetu cha sabuni ya kufulia tuliyotoka nayo Karatu.

Mnaona inakoelekea. Mimi sikuona, na nilikuwa msimamizi wa vyumba.

Siku moja baada ya kifungua kinywa nilimkuta Mahmudi kwenye korido, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, toroli limejaa shuka safi ambazo hazijaenda popote. Hakunisalimia. Nilimwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, Haja. Mwenzake wa ghorofa ya juu ndiye aliyenieleza. Msimamizi wao, Bwana Samiri, alifanya ukaguzi wa ghafla. Chumbani kwetu alikuta vitanda vimefungwa kama vifurushi vya posta, wala si mtindo wa hoteli. Alikuta taulo zimekunjwa rafuni zikiwa na unyevu, kwa hiyo hazijabadilishwa. Na bafuni hakuna hata kisabuni kimoja. Walikuwa wamemwona Mahmudi akiingia chumba kile na kutoka baada ya muda mfupi. Wakahitimisha kwamba hafanyi kazi, na sabuni anauza. Ilikuwa aondoke jioni ile na basi la kwao, kusini kabisa, na binti yake mkubwa ndiyo kwanza ameanza chuo cha unesi.

Nikamwuliza Mahmudi kwa nini hakusema ukweli. Akatazama viatu vyake. "Haja, niwaambie mgeni ndiye anatandika? Hilo ni kosa kubwa zaidi."

Na ni kweli. Mimi mwenyewe, enzi zangu, kijana angeniambia mgeni ndiye ametandika ningemfukuza mara mbili. Baba wa watu anapoteza mkate kwa sababu ya kona zangu, na mimi nilikuwa nazitandika kwa upendo.

Nilimfuata Wifi ufukweni, nikamwamsha kwenye khanga yake. "Wifi, twende tukamwokoe mtu." Hakuuliza nani. Alivaa ndala tu.

Bwana Samiri alikuwa mtu mrefu, suruali ina pasi ya kukatia mkate, redio kiunoni. Alitusikiliza amesimama. Nilipomaliza akatabasamu lile tabasamu ambalo nalijua, maana nimelivaa miaka mingi, la kumwambia mgeni kwamba ana roho nzuri lakini anadanganya.

"Mama, wewe ni mwema. Lakini mgeni hatandiki kitanda. Tangu nianze kazi hii sijaona."

"Leo utaona," nikamwambia. "Njoo."

Akaja, kwa adabu tu. Mahmudi akaitwa. Tulipoingia chumbani, Wifi akawa wa kwanza. Alivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akamwaga visabuni vyote juu ya zulia, karatasi za dhahabu zikatawanyika hadi mlangoni. Bwana Samiri alitazama lile rundo muda mrefu.

"Anafungua duka?" akaniuliza.

"Mwambie ni kwaya," Wifi akasema kwa Kiswahili, kidevu juu. "Sauti ya kwanza na ya pili."

Nikatafsiri. Mahmudi aligeukia ukutani, mabega yanamtetemeka, na sikujua kama analia au anacheka. Mimi nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni, nikavuta shuka zote za kitanda changu chini, mpaka godoro likabaki tupu. Halafu nikatandika. Sikuharakisha. Nilitupa shuka likashuka lenyewe katikati, kama Bwana Anselmi alivyotaka, nikanyoosha kwa kiganja, nikainua, nikakunja, nikachomeka. Kona ya kwanza. Nilipofika ya pili nilishasahau kama kuna watu, nikawa naimba pambio. Ya nne nilipoimaliza nikapiga blanketi kofi, likalia kama ngoma.

Bwana Samiri akainama. Akaipima kona kwa kidole, akajaribu kuichomoa, ikakataa.

"Nani alikufundisha hii?"

"Bwana Anselmi."

"Yuko hoteli gani?"

"Yuko mbinguni," nikasema.

Bwana Samiri akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaikunja. "Ni nzuri sana," akasema, "lakini hapa utaua mtu kwa joto." Akafumua upande wake akaanza kunionyesha mtindo wao, haraka haraka, na ndipo nikajua kwamba huyu naye alianza na toroli, mikono haisahau. Nikamwambia kona yake ni ya kivivu. Akasema yangu ni ya gerezani. Mahmudi akashindwa kuvumilia, akaingia katikati kusema kwamba wote wawili tumeweka foronya kinyumenyume, na ilikuwa kweli. Tukawa watu wazima watatu tumezunguka kitanda kimoja, tunavutana shuka, na Wifi kwenye kiti amejishika tumbo, anacheka kwa Kiiraqw. Sijui kama mnajua, lakini Kiiraqw kina kicheko chake.

Mwishowe Bwana Samiri alimwekea Mahmudi mkono begani, akasema maneno machache ya Kiarabu. Sikuyaelewa, wala sikuhitaji. Mahmudi alifuta uso kwa foronya. Bwana Samiri akamwambia, hilo nilielewa, aibadilishe foronya hiyo.

Halafu akanigeukia mimi. "Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe. Nikikuta hata kona moja, Mama, nakupa sare na toroli." Na visabuni vya Wifi akavitia kwenye mfuko wa hoteli, akaongeza vingine kutoka kwenye toroli, akampa kwa mikono miwili.

Mnadhani ngumu ilikuwa kumkabili msimamizi. Ngumu ilikuwa kesho yake. Niliamka, nikatoka kitandani, nikaacha kila kitu kilivyo. Shuka moja lilikuwa limeshuka mpaka chini. Mto umekaa upande. Nilifika mlangoni nikarudi, nikasema naweka tu mto. Wifi akaniondoa mkono kwenye mto. Nilifika kwenye ngazi nikasema nimesahau miwani. Miwani ilikuwa usoni. Ikabidi Wifi anishike mkono kama mtoto anayepelekwa siku ya kwanza shuleni, akanipitisha chumba cha kulia, akanipitisha kwenye vitanda vya jua, akanipeleka mpaka majini. Nikaingia hadi magotini, hadi kiunoni. Dera la Wifi likajaa hewa likampandisha juu, akapiga kelele kwamba imegawanyika, imegawanyika, na mimi nikacheka nikameza magadi yote ya Misri.

Tuliporudi, chumba kilikuwa kimejitandika chenyewe. Shuka limelegea, hewa inapita. Taulo zimekunjwa umbo la ngamia, na kwenye shingo ya ngamia kuna kisabuni cha dhahabu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Sisi wa vyumba tuna kiburi chetu. Tunadhani mgeni mwema ni yule asiyeacha alama, na wengine mnawasifu mpaka leo, "yule mama wa chumba cha mwisho, hata kitanda anatandika mwenyewe." Muacheni. Lakini mkienda ninyi, msimfanyie mwenzenu kazi yake. Mwachieni kitanda chake akisome. Anakula kwa kitanda hicho.

Jioni ya mwisho Wifi alimpa Mahmudi ule mfuko wa ngwara, ampelekee mke wake, akamweleza kwa mikono zinavyopikwa, na mimi nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Aliupokea kwa heshima, akanusa, akasema anazijua, ni ndugu wa maharage yao. Tukaagana pale korido. Tukaenda kula, na Wifi safari hii alizunguka kwanza.

Tuliporudi chumbani, dirisha lilikuwa wazi na joto limesimama ndani, la kuivisha ndizi. Nilikuwa nimechoka kwa bahari na kwa kucheka. Nikavuta shuka, nikajitupa, nikanyoosha miguu.

Nikakanyaga kitu laini chenye joto.

Niliruka, jamani. Nilipiga kelele kuliko yule Mzungu, na Wifi akaja na ndala mkononi tayari kuua. Tukafunua shuka pamoja, taratibu. Ilikuwa chupa kubwa ya maji ya kunywa, imejazwa maji ya moto ya bafuni, imefungwa kwa kitaulo, imewekwa pale pale nilipomwonyesha kwa mikono, miguuni. Na upande wa chini, upande mmoja tu, shuka lilikuwa limechomekwa. Kona ya ukingoni. Haikuwa imekaza sana, lakini alikuwa amejitahidi.

Wifi alikaa chini akacheka. Mimi nililia, sitaficha. Kisha nikarudi kitandani, nikaiweka miguu juu ya ile chupa, na nililala nayo usiku kucha, jasho linanitiririka mpaka shingoni, na sikuitoa.

Asubuhi gari la uwanja wa ndege lilitusubiri nje. Niliiacha chupa katikati ya shuka zilizovurugika, mto ukiwa umelowa na kitaulo kimefunguka, ili akija aone kwamba ililaliwa. Nikachukua begi langu, nikatoka, na sikutandika.